Stima ya Jua na Mita ya Kampuni

Watu wa Murang'a wamezoea kuona stima ikitengenezwa karibu nao. Kituo cha Wanjii, kinachozungushwa na maji ya mito, kilianza kazi mwaka 1952, na baadaye vikaja vituo vikubwa vya mto Tana. Lakini miaka hiyo yote stima ilikuwa na njia moja tu: hutoka kituoni, hupita kwenye nyaya, huingia nyumbani mwa mtu naye hulipa. Sasa sheria imefungua njia ya pili. Mkulima wa Kenol mwenye paneli za sola juu ya bati lake anaweza kuirudisha kwenye nyaya za kampuni ile stima asiyoitumia, nayo ikaandikwa kwa faida yake.

Mpango huu mafundi huuita neti mitaringi. Unasemwa sana siku hizi, na si yote yanayosemwa yaliyo kweli. Neno la hatari kuliko yote ni kwamba kampuni ya stima itamlipa mkulima fedha kila mwezi. Haitamlipa. Mtu akiuza ng'ombe, au akikopa katika chama cha akiba na mikopo, akitumaini kulipa deni lile kwa hundi ya stima, deni atabaki nalo na hundi haitafika. Kwa hiyo ni vizuri kila mwenye shamba aufahamu mpango huu kabla hajatia sahihi karatasi ya mtu yeyote.

Msingi wake ni Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamruhusu mteja wa stima mwenye mtambo wake mwenyewe, usiozidi megawati moja, kuomba mapatano na kampuni inayogawa stima. Kanuni za kuutekeleza mpango zilitoka mwaka 2024. Megawati moja ni kipimo cha kiwanda. Paneli za nyumba ya mkulima ni sehemu ndogo sana ya hiyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mchana paneli zikitoa stima, kwanza hutumika papo hapo nyumbani: pampu, redio, jokofu la maziwa. Ikibaki, ile ya ziada hutoka kwenda kwenye nyaya za barabarani, na huenda ikawasha taa za jirani. Usiku paneli hazifanyi kazi, nawe huvuta stima ya kampuni kama kawaida. Mita ya namna ya pekee huandika hesabu mbili, iliyotoka na iliyoingia. Mwisho wa mwezi hesabu hizo huwekwa pamoja, na ile uliyotoa hupunguza ile unayodaiwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kwa kanuni za 2024, ukitoa yuniti moja huandikiwi yuniti moja, huandikiwa nusu. Yuniti 10 zilizokwenda barabarani hurudi kwako kama 5. Wako wanaoona kwamba huo ni unyang'anyi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba nguzo, nyaya na transfoma ni mali ya kampuni na zinahitaji kutunzwa, tena nchi yetu hutumia stima nyingi zaidi jioni, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, wakati jua limekwisha kutua. Kampuni inapokea stima yako saa sita mchana na kukurudishia ya saa mbili usiku, ambayo ni lazima iitoe kwingine. Kama nusu ndiyo kiasi cha haki, hilo watu wataendelea kubishana. Mkulima apige hesabu zake kwa nusu.

Tuchukue mfano wa shamba lenye ng'ombe wa maziwa, pampu ya maji na mashine ya kukata majani. Paneli zake ni za kilowati 3, na siku ya jua zuri hutoa kama yuniti 12. Nyumba hutumia yuniti 10 kwa siku, lakini 3 tu ni za mchana. 7 ni za jioni na alfajiri, kwa sababu maji huvutwa na majani hukatwa watoto wakisharudi shuleni. Pasipo mapatano yoyote, mkulima huyu atanunua yuniti 7 kila siku, yaani 210 kwa mwezi. Akiingia katika mpango, atatoa yuniti 9, ataandikiwa 4 na nusu, na atanunua 2 na nusu, yaani 75 kwa mwezi. Ni nafuu kubwa.

Lakini sasa aanze kuvuta maji na kukata majani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Yuniti 4 zimehama kutoka usiku kuja mchana. Hata bila mapatano na kampuni, bila mita mpya na bila kujaza fomu, ananunua yuniti 3 tu kwa siku, 90 kwa mwezi. Akiongeza na mapatano juu ya hapo, ananunua nusu yuniti kwa siku, 15 kwa mwezi. Angalieni basi: zile yuniti 120 za kwanza zilizookolewa zilitoka katika saa ya kukata majani. Stima ya jua inayotumika shambani inakufaa nzima. Ikipita mlangoni kwenda barabarani, inarudi nusu.

Hesabu hizo ni za siku ya jua. Sisi wa nchi ya chini, Kenol na Makuyu, tuna bahati kuliko ndugu zetu wa Othaya na Kangema, lakini mwezi wa Julai ukungu hutufikia hata sisi, na paneli hutoa kidogo. Salio la mwezi mmoja huweza kusogezwa mwezi unaofuata, ila halikai milele. Ulizeni kampuni, kabla ya kutia sahihi, ni tarehe gani salio linafutwa, maana si busara kutegemea jua la Februari lilipe baridi ya Julai.

Jambo lingine huwashangaza watu baada ya fundi kwisha kuondoka na fedha zake. Stima ya kampuni ikikatika, mtambo uliounganishwa na nyaya zake, usio na betri, nao huzimika, hata kama jua linawaka vikali. Huo si ubovu. Kile chombo kinachogeuza stima ya paneli kuwa ya nyumbani, yaani inveta, kimetengenezwa kijizime chenyewe. Kama kisingejizima, stima yako ingeendelea kupita kwenye waya ambao fundi wa kampuni, aliye juu ya nguzo, anaamini umekufa. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani. Mambo kama hayo yakitokea mchana, mwenye paneli bila betri atakaa kama jirani yake asiye nazo. Anayetaka kuhifadhi maziwa stima ikikatika na anunue betri, pamoja na inveta iliyotengenezwa kufanya kazi nayo. Mpango wa mita hauwezi kuchukua mahali pa betri.

Tena msikubali mtu yeyote arudishe stima kwenye nyaya kabla kampuni haijaleta mita yake. Mita nyingi za tokeni zilizo ukutani zilitengenezwa kuhesabu stima inayoingia tu. Kuna zile ambazo, stima ikipita kinyume, huihesabu kana kwamba umeitumia, na tokeni zako zikaliwa na jua lako mwenyewe.

Kwa mwenye nyumba ya taa chache, simu na televisheni, ambaye hazidishi yuniti 30 kwa mwezi, mpango huu haumfai. Bei anayotozwa ni ile ya chini kuliko zote, na hana kiasi cha kuokoa kinacholingana na gharama. Paneli moja ndogo na betri vitamfaa zaidi. Mpango unawafaa wenye pampu, wenye vipoza maziwa, wenye vinu, shule, na vyama vinavyofunga kazi Jumamosi na Jumapili huku jua likiendelea kupiga paa.

Anayetaka kuendelea na achukue bili au tokeni zake za miezi 12, aone anatumia kiasi gani na saa zipi. Kisha amtafute fundi wa sola mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Kwa mtambo unaounganishwa na nyaya za kampuni ni leseni ya daraja la T3, na kuomba kuiona si kumkosea mtu adabu. Ombi lenyewe hupelekwa kwa kampuni ya stima, nayo hukagua kama waya na transfoma ya pale vitaweza kuchukua stima hiyo. Paneli zisinunuliwe kabla ya jibu la ukaguzi huo kufika kwa maandishi.