Shahada ya Mtandaoni na ya Darasani: Kweli au Si Kweli?

"Shahada ya mtandaoni haina uzito."
SI KWELI. Uzito hutoka kwenye ithibati ya chuo, si kwenye kiti alichokalia mwanafunzi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakitambua. Kenya ilikipa hati chuo kikuu huria chake Agosti 2023. Nelson Mandela alitunukiwa shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, aliyoisoma kwa masafa akiwa bado mfungwa.

"Mtandaoni ni mteremko."
SI KWELI, na uvumi huu ndio unaoumiza wengi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilifungua bure mtandaoni kozi ya akili mnemba. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Mwaka 2013 San Jose State, pia Marekani, ilijaribu kutoa kozi za mtandaoni kwa kushirikiana na kampuni ya Udacity, ikasimamisha majaribio baada ya wengi kufeli. Tusikimbilie kuwaita wanafunzi wavivu. Anayesoma chuoni ana ratiba iliyopangwa, ana mwenzake wa kumgongea mlango asubuhi, ana mhadhiri anayeona kwamba leo hayupo. Anayesoma kwenye simu usiku, baada ya kazi na watoto kulala, hayo yote anajitafutia mwenyewe. Chuo kinachopakia video na kusubiri mtihani kimemtelekeza.

"Darasani ndiko mtu anakoelewa zaidi."
INATEGEMEA. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichambua tafiti nyingi ikaona waliosoma mtandaoni wako mbele kidogo, na waliochanganya njia zote mbili wana nafuu kubwa zaidi. Lakini wachambuzi walitahadharisha kwamba mara nyingi hao waliochanganya walipewa pia muda na nyenzo za ziada. Kisha mwaka 2019 utafiti wa Harvard ulionyesha jambo linalopaswa kutusumbua: wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri walijiona wameelewa kuliko wenzao waliokokotoa maswali kwa vikundi, lakini jaribio likatoa majibu kinyume. Ukumbi uliojaa watu wanaonakili slaidi haufundishi kwa sababu tu una kuta.

"Mtandaoni ni nafuu."
NUSU KWELI. Unaokoa kodi ya chumba na nauli, unanunua bando.

"Kila fani inasomeka mtandaoni."
SI KWELI. Uuguzi unahitaji wodi na kemia inahitaji maabara.

Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo mambo matatu: kina ithibati ya nani, mtihani unafanyika wapi, na nikikwama nani atanijibu na baada ya siku ngapi. Kikishindwa kujibu hilo la tatu, tafuta kingine.