Je, Wajua? Jiwe la Mwisho la Eve Muirhead

Je, wajua kwamba medali pekee ya dhahabu ya Uingereza katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022 ilipatikana kwa kutelezesha mawe na kusugua barafu?

Mchezo huo ni kelingi, na nahodha alikuwa Eve Muirhead, Mskochi aliyezaliwa Perth mwaka 1990. Jiwe la kelingi ni la graniti, zito karibu kilo 20. Wenzake wa anayelitelezesha hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa brashi ili lifike mbali na lisipinde mapema. Graniti yenyewe huchimbwa Ailsa Craig, kisiwa cha Uskochi kisicho na wakazi.

Mchezo ulikuwa wa ukoo: babake, Gordon, alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999. Eve akautwaa wake mwaka 2013, kisha shaba ya Olimpiki mwaka 2014. Mwaka 2018 mambo yakaenda mrama. Katika mechi ya kuwania shaba dhidi ya Japani, jiwe lake la mwisho lilikosea njia, akatoka mikono mitupu. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa nyonga.

Beijing nako nusura mambo yaharibike. Katika nusu fainali Waswidi waliongoza 4–0 baada ya raundi moja tu. Waingereza wakashinda 12–11. Fainali ilikuwa dhidi ya nani? Wajapani haohao: 10–3 kwa Waingereza. Miezi sita baadaye Muirhead akastaafu.