Umefutwa kazi Busia au Malaba? Fahamu kazi ya wakili wa wafanyakazi

Wafanyakazi wengi katika miji ya Busia na Malaba hawana barua ya kazi. Mpakiaji mizigo ghalani, mhudumu wa hoteli, karani wa wakala wa forodha, utingo wa lori la Kampala: huajiriwa kwa mdomo, hulipwa kwa M-Pesa, na siku ya kufutwa hupigiwa simu kuambiwa wasije kesho. Kwa kuwa hana karatasi, mtu hudhani hana kesi. Hilo si kweli, na kulirekebisha ndiyo kazi ya kwanza ya wakili anayetetea wafanyakazi.

Sheria ya Uajiri ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aandike mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi. Asipouandika, kosa ni lake. Kesi ikifika mahakamani na akose kuutoa mkataba huo, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira yalikuwa yapi. Hata kibarua wa kulipwa kila jioni, akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, huhesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na huyo hafutwi bila ilani ya maandishi ya siku 28 au malipo badala yake.

Hata hivyo, ni lazima mfanyakazi aonyeshe kwamba aliajiriwa. Hapa wakili huwa kama mpelelezi. Ataomba jumbe za M-Pesa zinazoonyesha ulilipwa na nani, taarifa yako ya NSSF, picha ukiwa na sare ya kazi, stakabadhi za mizigo ulizotia sahihi, jumbe za WhatsApp za msimamizi, na jina la mwenzako aliye tayari kutoa ushahidi. Kwa hivyo usifute jumbe, na usiuze simu yako kabla ya kuzihifadhi.

Swali la pili la wakili huwashangaza wengi. Chukua mfano wa mtu anayetuhumiwa kuiba gunia la sukari. Wakili hataanza kwa kuuliza kama aliiba. Atauliza: uliitwa ukaelezwa tuhuma, kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na ukapewa nafasi ya kujitetea? Sheria inataka hayo kabla ya mtu kufutwa kwa utovu wa nidhamu. Mwajiri aliyeruka hatua hizo anaweza kushindwa hata akiwa na sababu.

Lakini wakili mkweli atakuambia na yale usiyopenda kusikia. Fidia ya kufutwa kazi isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na huo ni upeo, si kiwango cha kila mtu. Mahakama hutazama umetumikia kwa muda gani na kama wewe mwenyewe ulichangia kufutwa. Na kama ulikwisha kutia sahihi karatasi inayosema umelipwa haki zako zote na huna dai lingine, kesi yako imekuwa ngumu. Ni heri kumwonyesha wakili karatasi kabla ya kuitia sahihi.

Kesi si hatua ya kwanza. Kwa kawaida wakili humwandikia mwajiri barua ya madai, na migogoro kadhaa huishia hapo. Unaweza pia kwenda kwa afisa wa leba, hata bila wakili, lakini malalamiko ya kufutwa kazi yapelekwe ndani ya miezi mitatu. (Masuala ya leba hayakugatuliwa, afisa huyo ni wa serikali kuu, kwa hivyo usishangae ofisi ya kaunti ikikuelekeza kwake.) Mambo yakishindikana, anayelipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi kabla ya makato husikizwa na hakimu, kwa mfano katika mahakama ya Busia. Anayepata zaidi huenda Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba, ambayo ina kituo Bungoma.

Kesi lazima iwasilishwe ndani ya miaka mitatu. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu hiyo. Mtu anayeambiwa "rudi mwezi ujao" kila mara anaweza kujikuta siku moja hana pa kwenda, hata kama haki ilikuwa yake.

Aliyeumia kazini hufuata njia nyingine. Akianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu, dai lake huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ndani ya miezi 12, wala si mahakamani. Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Wakili husaidia kujaza fomu, kupata ripoti ya daktari na kupinga uamuzi usioridhisha.

Kwetu mpakani kuna swali jingine: sheria ya nchi gani? Raia wa Uganda anayefanya kazi dukani Busia, upande wa Kenya, analindwa na sheria ya Kenya sawa na mkazi wa Matayos. Lakini Mkenya aliyeajiriwa na kampuni ya Kampala na kufanya kazi huko huenda akalazimika kuanza kwa afisa wa kazi wa Uganda, chini ya sheria yao ya mwaka 2006. Wakili atataka kujua mkataba ulifanyiwa wapi, kazi ilifanyiwa wapi na nani alilipa.

Na kama mwajiri ni serikali hii ya kaunti? Anayepinga uamuzi wa nidhamu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hukata rufaa kwanza kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90. Anayekimbilia mahakamani moja kwa moja anaweza kurudishwa.

Kuhusu malipo, hakikisha kwamba wakili ana leseni ya mwaka huu. Chama cha Mawakili cha Kenya kinaweza kukuthibitishia. Sheria hairuhusu mapatano ya kumlipa wakili endapo tu utashinda kesi, kwa hivyo mjihadhari na madalali wanaotoa ahadi hiyo nje ya mahakama. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, kuwakilishwa na afisa wa chama chake cha wafanyakazi, au kusimama mahakamani na kujieleza mwenyewe.