Unatamani vila ya Santorini? Genge tunalo hapa nyumbani

Kuna picha moja ambayo karibu kila simu ya Westlands inayo. Nyumba nyeupe imeshikilia ukingo wa jabali, swimming pool inaonekana kumwagikia angani, bahari iko chini kabisa, na dada mmoja ametupa mgongo, gauni linapepea. Hapo ni Oia, kijiji cha kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Ukipanda hadi paa la ghorofa jipya pale Westlands utampata mtu akijaribu kupiga picha iyo hiyo, ila badala ya bahari kuna Waiyaki Way na jam ya saa kumi na moja.

Kamusi inasema jabali lililokatika wima namna hiyo linaitwa genge. Najua, mtu wa Nairobi akisikia genge anafikiria Nonini na Jua Cali. Lakini tulitumie neno hilo leo, maana swali ni hili: ni genge gani mbogi yako inaweza kulipia, na mkilipa mnapata nini?

Tuanze na la Wagiriki. Lile jabali ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, katikati ikaporomoka na bahari ikaingia. Zile nyumba zinazofanana na mapango zilikuwa za mabaharia na vibarua. Walichimba ndani ya jivu la volkano kwa sababu hawakuwa na pesa za kujenga, huku wenye meli wakijenga majumba ya maana pale juu. Julai 1956 tetemeko likaua zaidi ya watu 50 na kubomoa sehemu kubwa ya kisiwa, wengi wakahama. Ni kuanzia miaka ya 1970 ndipo mapango hayo yalianza kukarabatiwa kuwa nyumba za wageni. Leo chumba cha maskini ndicho cha tajiri.

Na ardhi bado haijatulia. Februari 2025 kisiwa kilitikisika mfululizo hadi watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kwa meli na ndege. Hiyo haikuingia kwenye zile reels.

Kutoka Nairobi, safari ni ya kuunganisha: Addis Ababa, Doha au Istanbul, halafu Athens, halafu ndege nyingine au feri. Kabla ya hapo kuna viza ya Schengen, euro 90 tangu Juni 2024, ambayo ni zaidi ya Sh12,000. Ukinyimwa, hurudishiwi. Ukitaka kununua kabisa, Ugiriki humpa mgeni kibali cha kuishi akinunua nyumba, lakini tangu mwisho wa Agosti 2024 kiwango cha Santorini ni euro 800,000. Hiyo ni zaidi ya Sh100 milioni. Tuendelee.

Genge letu liko Pwani. Si refu kama lile la Santorini, na si la volkano. Ni matumbawe yaliyoota chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Maji yalipopungua, mwamba ukabaki nje. Wareno walijenga Fort Jesus juu ya mwamba wa aina hiyo kuanzia 1593, kwa sababu ileile ya wenye vila: ukiwa juu unaona kila kitu. Leo majumba ya gengeni yako Vuma, upande wa Kilifi, na kusini yako Msambweni na Diani. Pale Diani, Alfajiri ina nyumba tatu, na mojawapo inaitwa Cliff Villa kabisa.

Bei za hizo kubwa ni za watalii, tusidanganyane. Lakini ziko za kati, na hapo ndipo hesabu ya kuchanga inaingia. Tuseme vila ya vyumba vitano ni Sh60,000 kwa usiku. Siku tatu ni Sh180,000. Mkiwa kumi, kila mtu Sh18,000. SGR ya kawaida hadi Mombasa ni Sh1,500 tangu Januari 2024, na vila nyingi za Pwani huja na mpishi, nyinyi mnanunua samaki tu.

Shida huanza wiki ya mwisho. Wawili wakijitoa, kila aliyebaki anaongeza Sh4,500, nauli ya first class kwenda. Urafiki mwingi wa Westlands umekufia kwenye "nitatuma Friday". Kubalianeni mapema kwamba asiyelipa kufikia tarehe fulani hayumo, na aliyelipa akajitoa atafute wa kujaza nafasi yake.

Halafu kuna matapeli. Picha ya vila ya Ugiriki au Bali hubandikwa jina la Watamu, deposit inaitishwa kwa namba ya mtu binafsi, mnafika mnapata kichaka. Tafuteni picha hiyo kwa Google Lens. Mwombeni msimamizi awapigie video call akitembea kutoka getini hadi baharini. Ulizeni leseni ya Tourism Regulatory Authority. Mwenye nyumba ya kweli hakasirikii maswali hayo.

Kitu kingine ambacho watu hawajui wanacho: ufuo ulio chini ya hilo genge si wa vila. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kifungu cha 65 nacho kinasema mgeni hawezi kumiliki ardhi milele, mwisho wake ni miaka 99. Kwa hiyo askari wa geti akimfukuza mvuvi au kijana wa mtaa pale mchangani, hana sheria. Tatizo ni njia ya kufika: ploti zikishikana kandokando, haki unayo lakini pa kupitia huna. Nyinyi mliolipa mtashuka kwa ngazi, kijana wa Takaungu atazunguka.

Kabla ya kuchagua tarehe, angalieni mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mnatembea hadi kwenye mwamba. Saa kumi jioni yamejaa na ngazi inaishia majini. Na Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hivyo ile sunset ya Oia hamtaipata baharini. Jua letu hutoka majini, saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Wekeni alamu.