Kutenga, Kuahidi na Akiba: Istilahi za Kumbukumbu ya Seva

Mfasiri anayetafuta jina la kumbukumbu iliyowekwa kando katika seva hulikimbilia neno "akiba". Lakini akiba ya nyumbani, iwe ya unga au ya fedha, huchotwa kwa haja yoyote inayozuka. Kumbukumbu hii haichotwi hivyo. Mfano ulio karibu nayo zaidi uko Kolwezi.

Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, eneo lililotolewa kwa kampuni kwa kibali cha uchimbaji huwa lake hata kabla ya sururu kugusa ardhi. Sheria ya madini ya 2002 iliwawekea wachimbaji wadogo maeneo yao maalumu. Mmoja wao akiingia katika eneo la kibali huhesabiwa mvamizi, ingawa ardhi imelala bure. Ugomvi mwingi wa huko huanzia hapo.

Seva ya Linux hufuata kanuni kama hiyo. Kwa kawaida mfumo hugawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 4, lakini msimamizi aweza kuagiza kurasa kubwa za megabaiti 2 zitengwe kwa ajili ya hifadhidata. Katika seva yenye gigabaiti 16, kurasa kubwa 4,096 humeza gigabaiti 8. Hifadhidata ikitumia 5, zile 3 hubaki tupu, na programu za kawaida haziwezi kuzigusa. Tena, hifadhidata isipoelekezwa kuzitumia, zote 8 hulala, nayo hugombania nusu iliyobaki pamoja na programu nyingine, hata mfumo uanze kuhamishia kurasa diskini na pengine kuiua programu moja ili ujiokoe. Aliyeambiwa kwamba ana "akiba" ya gigabaiti 8 hataelewa kwa nini.

Kuna utata wa pili. Taarifa ya mfumo huhesabu kurasa kubwa zilizo huru, na ndani yake zimo ambazo programu imekwisha kuahidiwa bali haijazigusa. Kati ya kurasa 1,536 zilizobaki katika mfano huu, 600 zikiwa za ahadi, za kugawa ni 936 tu. Basi hatua ya kwanza iitwe kutenga, ya pili kuahidi. "Kuhifadhi" halifai, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa kazi ya diski.

Kurudisha kurasa zisizotumika kwa matumizi ya wote kwaweza kuitwa kutengua, kama kibali kinavyotenguliwa. Hilo hufanyika hata seva ikiwa kazini. Kutenga upya ndiko kugumu, maana nafasi zilizopatikana huwa zimekwisha kukatikakatika; ndiyo sababu wasimamizi wengi hutenga mara seva inapowashwa.