Je, Wajua? Baiskeli ya Barabara Zilizoachwa

Nilipomtumia mjomba wangu wa Kahama picha ya baiskeli niliyonunua hapa Sydney, hakuandika jibu. Alipiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sasa hiyo, tairi za shamba na usukani wa mashindano. Ni kitu gani?"

Nikamwambia ni vyote viwili. Akaguna. "Na karia iko wapi?"

Tuanze na swali lake la kwanza. Hapa huiita graveli, yaani baiskeli ya changarawe, na kweli ni chotara. Usukani umekunjwa kama pembe za kondoo dume, ule wa baiskeli za mbio, ila ncha zake zimetanuliwa nje kidogo ili mikono ipate nguvu ya kuituliza inapoyumba kwenye kokoto. Mbele, mara nyingi, ina sahani moja tu ya meno. Gia zote ziko nyuma. Breki ni za diski, na hazikuwekwa kwa urembo. Breki za kubana ringi zilizozoeleka kwenye baiskeli za mbio zina mikono inayopita juu ya tairi, na mikono hiyo haiachi nafasi. Breki ilipohamia katikati ya gurudumu, tairi ikapata ruhusa ya kunenepa.

Na unene huo ndio habari yenyewe. Kwa miaka mingi waendesha mbio waliamini kwamba mwenye tairi nyembamba na ngumu ndiye mwenye kasi: milimita 23, upepo pauni 100 na zaidi kwa inchi ya mraba. Tairi zangu zina milimita 40, na kwa kilo zangu 80 nazijaza pauni 35. Ukibonyeza kwa kidole gumba, zinabonyea. Mara ya kwanza nilidhani muuzaji amesahau kuzijaza.

Kumbe nguvu ya miguu hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza imo ndani ya mpira. Kila kipande cha tairi kinachogusa ardhi hujikunja, kisha hujikunjua, na katika kujikunjua hakirudishi nguvu yote iliyokikunja. Baki yake inakuwa joto. Upepo mwingi hupunguza hasara hiyo, na kwenye sakafu laini hesabu inaishia hapo. Ya pili iko barabarani, kwenye mawe. Tairi ngumu ikikuta jiwe haibonyei, basi lazima ipande, na baiskeli nzima na aliye juu yake wapande nayo. Kila kupanda hulipiwa kwa mwendo, na malipo hayo huishia kwenye nyama za mapaja, mgongo na hata mashavu yanayotikisika. Mwili hunyonya mtikisiko huo, wala haurudishi kitu. Tairi laini hulimeza jiwe: mpira unabonyea, mtu anapita juu bila kuinuka.

Kasoro ni kwamba upepo ukiwa kidogo, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi ikatoboka matundu mawili sambamba, kama imeumwa na nyoka. Kwa hiyo tyubu ikaondolewa kabisa, na ndani ya tairi hutiwa kimiminika cheupe chenye utomvu wa mpira. Tundu likitokea, upepo hukisukuma nje, kinaganda na kuziba. Nimeshashuhudia: mwiba umechomoka, povu likatoka kama maziwa yanayochemka, tairi ikazunguka mara tatu nne, kimya. Hata pampu sikuitoa.

Tairi ya upepo yenyewe ililetwa barabarani na daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyeishi Belfast, aliifunga mwaka 1887 kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka uliofuata akasajili hataza. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwishasajili wazo hilo tangu 1845, lakini wakati huo baiskeli ya kulitumia haikuwepo. Baada ya Dunlop dunia ikapanda baiskeli, na utomvu ukatafutwa kila pembe ya tropiki. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji watu walikatwa mikono kwa ajili yake. Sijaona duka la baiskeli linaloning'iniza picha za watu hao ukutani.

Kuendesha juu ya vumbi nako si jambo jipya, japo Wamarekani wa Kansas ndio walioupa mchezo huu sifa kwa mashindano yao yaliyoanza mwaka 2006. Tour de France ya kwanza, 1903, ilipita kwenye vumbi na mawe. Mwaka 1913, katika Tour hiyo hiyo, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele mlimani Pyrenees, akaibeba baiskeli begani kilomita nyingi hadi kwa mhunzi wa kijiji, akaufua uma mwenyewe kwa sababu sheria zilikataza msaada. Waamuzi wakamwadhibu hata hivyo: kijana mmoja alimvutia mivukuto.

Leo huko huko Ufaransa watu hupita polepole kwa baiskeli kando ya mito na mifereji, kwenye vijia vilivyotengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mashua za mizigo. Reli iliinyang'anya mifereji mizigo, farasi wakaondoka, vijia vikabaki. Hapo ndipo nilipoielewa baiskeli hii. Hustawi mahali ambapo chombo chenye kasi zaidi kimewahamishia watu kwingine.

Sydney nayo ina njia za kando ya maji. Mimi huanzia Parramatta na kuufuata mto kuelekea mashariki, hadi kwenye mikoko ya Bicentennial Park. Mtu wa pwani akifika hapo atasimama. Mti ule ni mchu, Avicennia marina, jamii ile ile inayoota Rufiji, Lamu na Chwaka, na mizizi yake imechomoza kwenye tope kama penseli zilizopandwa. Harufu nayo ni ile ile. Tofauti ni juu: kuanzia Agosti hivi, dume la ndege aitwaye magpai, mweusi kwa mweupe kama kunguru wetu, hulinda kiota chake kwa kuwashukia waendesha baiskeli kisogoni. Sheria ya jimbo hili inamlazimisha kila mwendeshaji, hata mtu mzima, kuvaa helmeti tangu 1991. Juu ya helmeti hizo wengi huchomeka vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, vikasimama kama miiba ya nungunungu. Ndege hajali sana. Ila watoto hufurahi.

Lakini barabara ya baiskeli hii hasa iko kaskazini, mwendo wa kilomita 75 hivi, unapovuka mto Hawkesbury pale Wisemans Ferry kwa kivuko kinachovutwa kwa kamba ya chuma, bure, mahali ambapo watu wamekuwa wakivushwa tangu 1827. Ng'ambo inaanza Old Great North Road. Ilijengwa kati ya 1826 na 1836, kilomita 260 hivi, na mamia ya wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza na Ireland. Waliorudia makosa wakiwa koloni walipasua miamba miguu ikiwa na pingu za chuma. Kwenye mlima wa Devines, ambapo gia ndogo kuliko zote hainitoshi na huwa nashuka nikaisukuma, kuta za mawe zimeinuka juu kuliko nyumba, zimepangwa bila pengo la kupitisha kisu. Alama za tindo bado zinaonekana. Nilitia kidole kwenye tundu la baruti lililochongwa kwa mkono. Lilikuwa laini kama ndani ya kinu.

Kazi yote hiyo, na barabara haikupata kutumika sana. Maji na malisho ya wanyama yalikuwa haba njiani, na mwaka 1831 meli ya mvuke, Sophia Jane, ilianza kubeba watu na mizigo kwa njia ya bahari hadi bonde la Hunter. Nani tena angepanda mlima ule na mkokoteni? Ikaachwa, na kuachwa ndiko kulikoihifadhi. Mwaka 2010 UNESCO iliweka sehemu yake kwenye Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya wafungwa wa Australia. Kipande cha kilomita 43 kimefungwa kwa magari ya umma. Wanapita waendao kwa miguu na wenye baiskeli.

Kwa kuwa magari hayapiti, kuna adha moja ambayo huko sijaikuta: yale mawimbi ya bati yanayotikisa meno kwenye barabara zetu za vumbi. Mwaka 2007 wanasayansi Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio lao: gurudumu dogo juu ya meza ya mchanga inayozunguka. Halikuwa na springi, na bado mawimbi yakatokea. Gurudumu hurushwa na tuta dogo la mchanga, likitua huchimba shimo na kusukuma tuta jipya mbele. Ila kuna kiwango cha mwendo. Chini yake mchanga hubaki tambarare. Basi mwenye kulaumiwa ni haraka, si fundi wa barabara peke yake.

Nilimweleza mjomba hayo yote, pamoja na Migration Gravel Race, mashindano ya siku nne yanayofanyika Maasai Mara tangu 2021, na habari za Sule Kangangi, nahodha Mkenya wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Aliposikia hilo alinyamaza, akamwombea. Kisha akauliza tena.

"Na karia?"

Nikaigeuza kamera ya simu, nikamwonyesha matundu manne ya skrubu nyuma ya fremu, yaliyoachwa na watengenezaji kwa kazi hiyo hiyo.

"Sasa hiyo," akasema, "ni baiskeli."

Karia nimeshaiagiza.