Mbu Hakujui Tena: Kwa Anayesafiri Peke Yake

Mwaka 2019 nilitoka hapa Uingereza kwenda Ghana peke yangu, wiki mbili. Muuguzi bila mgonjwa, raha yake siisemi! Ila usiku kule Kumasi nilijiuliza: homa ikinipanda sasa hivi, nani atajua?

Wengi wetu tuishio ughaibuni husema, "Mimi nimekulia Tanga, malaria hainiwezi." Kinga ile hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara; ukikaa miaka huku inapungua, na watoto waliozaliwa huku hawanayo kabisa. Malaria iliyoenea zaidi Afrika inaweza kuwa kali ndani ya saa 24 tangu homa ianze.

Muulize daktari dawa inayokufaa. Malarone huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari na humezwa mpaka siku 7 baada ya kutoka huko. Doxycycline ni wiki 4. Hapo ndipo wengi huachia njiani.

Homa kali huvuruga akili, kwa hiyo usijitegemee mwenyewe. Kila asubuhi nilimtumia dada yangu ujumbe. Asipoupata hadi saa sita mchana, apige hotelini. (Alipiga mara moja, mtandao ulikatika. Nilifurahi.)

Ukirudi ukashikwa na homa, hata baada ya miezi kadhaa, usimeze Panadol ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, taja nchi uliyotoka, omba upimwe malaria. Usipoitaja, huku watadhani ni mafua.